Dakika Thelathini na Sita Kutoka Mwanza

Bariadi,
27 Aprili 2025

Dada Scola,

Tumsifu Yesu Kristo. Hiyo ni salamu ya huko kwenu monasterini. Ya huku kwetu ni mwangaluka. Sisi wazima. Baba yupo nyumbani Dutwa, analalamika magoti na wadudu wa pamba, kwa hiyo naye mzima. Wifi yako Milembe anakusalimu.

Najua utashtuka kupata barua yangu nje ya Krismasi. Simu yenu huko ni ya misiba na magonjwa, na hii si habari ya msiba, basi nimenunua karatasi. Habari yenyewe ya kitoto, usimsomee Mama Mkuu. Nimerudi kuruka.

Mwezi wa pili daktari alinipima presha, akaniambia, mwalimu, tafuta kitu cha kupumzisha kichwa, na bia si kitu. Shemeji Shigela wa kule Mwanza alikuwa anaachana na kompyuta yake, nikaichukua kwa ajili ya kutungia mitihani ya fizikia. Ndivyo nilivyomwambia Milembe. Siku ya tatu tu nikaweka simuleta, gemu ya kurusha ndege.

Unaikumbuka gemu yetu kwenye stationery ya baba mdogo Anatoli? Jumapili baada ya Misa anafunga dirisha la mbele, sisi wawili kwenye kiti kimoja, wewe kwenye kibodi, mimi na saa ya mkononi. Ramani ile haikuwa na Bariadi. Toka ziwani mpaka Serengeti ilikuwa udongo wa kahawia mtupu, kama uwanja uliofagiliwa. Wewe ndiye uliyepiga hesabu kwa rula kwenye atlasi ya shule: toka Mwanza, nyuzi mia moja na nane za dira, kasi noti mia na kumi, dakika thelathini na sita. Mimi nikisema muda umekwisha, wewe unasema, "Bariadi hii hapa," tunatua kwenye udongo. Mama alikuwa anatusubiri nje. Akituona tunatoka anauliza, mmefika? Tunasema tumefika.

Sasa sikiliza. Hii ya siku hizi inavuta picha zilizopigwa toka angani. Bando inakula bila huruma, lakini jana nilipaa Mwanza, nikaweka nyuzi zako mia moja na nane, nikasubiri. Dakika ya thelathini na tano nikaona mabati ya kiwanda cha kuchambulia pamba, stendi, barabara ya Lamadi. Bariadi, dada. Nikageuza kurudi Dutwa, nikashuka chini mpaka nikaliona zizi la baba. Picha yao ni ya zamani: jiko la mama la nyasi bado lipo, lile tulilolibomoa mwaka aliofariki. Nililizunguka mpaka mafuta yakaisha, nikaangukia kwenye mtama wa jirani.

Kutua sijui tena. Mikono imesahau kabisa. Pale Mwanza nimeanguka mara tano, mara mbili ziwani. Ndege inaelea juu ya lami haitaki kukaa, halafu inadunda, inadunda, basi. Miaka kumi na miwili si mchezo. Wewe ulikuwa unatuaje?

Nilikuwa nimeapa sitagusa tena kitu hiki. Lakini nimefurahi, na hapa hakuna mwingine ninayeweza kumwambia akaelewa. Nijibu ukipata nafasi.

Mdogo wako,
Kasmiri


Monasterini,
18 Mei 2025

Mdogo wangu Kasmiri,

Milele amina. Barua yako niliisomea kwenye bustani ya kabichi, nikacheka mpaka Sista Philomena akaja kuangalia kama nimeng'atwa na kitu. Nilimwambia mdogo wangu ameanguka ziwani mara mbili. Alifanya ishara ya msalaba, ikabidi nimweleze.

Ugonjwa wako ni ule ule, unakuja na kasi kubwa, hata baiskeli ulikuwa hivyo. Mwishoni inatakiwa sitini na tano, siyo themanini. Punguza moto wa injini mapema. Macho yako yawe mwisho wa uwanja, siyo kwenye pua ya ndege. Halafu usiilazimishe ikae. Shikilia hapo hapo, iache ichoke yenyewe. Ikidunda, ongeza moto upae uzunguke tena, acha ubishi wa kiume.

Nimeshangaa kwamba bado najua. Nilikuwa nakueleza moyoni huku nimeshika jembe, na mkono wa kulia ukawa unavuta mpini taratibu.

Kwenye mstari wa jiko la mama niliweka barua chini. Mimi nilipata simu tu, unajua. Mlizika nikiwa huku. Ukipita tena juu yake mwambie... Hapana, usimwambie kitu, ni picha.

Na mimi nina habari. Nimekubaliwa kuweka nadhiri za daima, tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Ukitaka kunitania kuhusu kupaa, nimeshajitania mwenyewe. Hizi ndizo za mpaka kaburini, Kasmiri. Baada ya hizi hakuna kurudi. Nataka wewe na baba muwepo.

Mama Mkuu ametaka kila anayeweka nadhiri aandike jinsi alivyoitwa. Yangu ni fupi na wewe umo. Unakumbuka mwaka 2013 tulipoomba ule ufadhili wa urubani, wote wawili, siku moja? Kuna jambo sikukuambia. Tangu kidato cha sita nilikuwa nimegawanyika, huku utawa, huku ndege, na nilikuwa nachoka. Nikafanya novena, siku tisa za sala. Nikamwambia Mungu, barua ya kuniita ikija kabla Septemba haijaisha, nitakwenda kuruka na nitajua ni wewe umenipeleka. Isipokuja, nakuja kwako. Kila Ijumaa ulikuwa unarudi na baiskeli toka kwenye sanduku la posta la parokia, na mimi nakuangalia mikono kabla ya uso. Unasema hakuna. Ilipofika tarehe thelathini, ingawa haikuwa Ijumaa, nikakutuma tena, ukasema hakuna, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikanawa, nikamwambia mama kwamba naenda utawani.

Zimekuja siku ngumu huku. Kuna mwaka nilikaribia kufunga mzigo wangu. Kila mara nililishika lile neno lako, hakuna. Nikajiambia hakuna, kwa hiyo nipo mahali pangu. Ndiyo wito wangu wote huo. Sista Philomena anasema ni mzuri kuliko wake.

Niambie umetuaje.

Dada yako,
Scola


Bariadi,
8 Juni 2025

Dada Scola,

Asante kwa mafunzo. Sitini na tano ni kweli. Nimetua.

Hongera kwa nadhiri. Kuhusu Agosti sina uhakika na ruhusa, kuna mitihani ya moko na mwalimu wa fizikia ni mimi peke yangu. Baba anaweza kuja na katekista Thomasi.

Ile habari ya wito, kama hujaikabidhi, ngoja kidogo. Mambo ya posta si lazima. Ungeandika kuhusu mama alivyokufundisha rozari, watu wangeguswa zaidi.

Kuruka nimeacha kwa sasa. Presha.

Kasmiri


Monasterini,
22 Juni 2025

Mdogo wangu,

Tangu lini unanifundisha kuandika? Barua mistari minane, na ndani yake hakuna hata tusi moja. Nimeisoma mara tatu nikitafuta ulipo.

Najua kinachokusumbua. Ni ng'ombe. Usikatae. Kwetu kijana anaoa kwa ng'ombe walioletwa na dada yake, na mimi sikuleta hata mkia. Ulimsubiri Milembe miaka minne ukikusanya mmoja mmoja kwa mshahara wa ualimu, na wenzako wanakucheka kwamba dada yako ameolewa na Yesu na Yesu hajaleta zizi. Mama aliniandikia. Sasa baba ameniletea ujumbe kwa mkono wa Thomasi kwamba anataka kuleta mtamba huku monasterini siku ya nadhiri. Yaani upande wa bibi harusi ndio unaotoa ng'ombe. Lazima ukoo mzima unasema mzee kachanganyikiwa, na wewe unaona aibu kukaa kwenye harusi ya namna hiyo.

Kama ni hilo, nisamehe. Sikuwahi kukuomba msamaha na nilikuwa na deni hilo kwako. Ulikuwa ndugu mzuri. Ulipiga baiskeli kila Ijumaa kwa ajili yangu, jua na mvua.

Habari ya wito nimeshaikabidhi. Itasomwa kanisani siku hiyo, mbele ya askofu, na ule mstari wako wa tarehe thelathini umo. Kwa hiyo huna budi uje, wewe ndiye shahidi wangu.

Na urudi kuruka. Presha haiponi kwa kuacha kitu unachokipenda.

Scola


Bariadi,
1 Julai 2025

Dada,

Siyo ng'ombe. Soma hii ukiwa umekaa.

Barua ilikuja.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2013. Zilikuja mbili, yangu na yako. Nilizifungua zote njiani, nimeegesha baiskeli. Yangu ilikuwa aya moja, wanasikitika. Yako ilikuwa kurasa mbili, wanakuita kwenye usaili Dar es Salaam tarehe 9 Septemba, na chini mtu ameongeza kwa wino kwamba hesabu zako za njia ndizo bora walizopokea mwaka ule. Hesabu zile tulizituma wote wawili, zinafanana, ila mimi nilinakili kwako na nadhani walijua. Ulizifanya wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika saa.

Niliona wivu, dada. Nimetafuta neno jingine miaka yote hii na halipo. Nikajiambia nitampa kesho, leo tu tuwe sawa, siku moja. Kesho yake mlikuwa mnapiga soga na mama, mnacheka, nikaona nisubiri Jumapili. Halafu tarehe tisa ikapita, na baada ya hapo kukupa ilikuwa ni kukuambia mimi ni mtu wa namna gani. Ijumaa iliyofuata nikasema hakuna, na nyingine hakuna. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na miwili.

Habari ya novena sikuijua mpaka uliponiandikia mwezi wa tano. Hiyo si kinga yangu, nakuambia tu. Nilidhani nakunyima ndege. Sikujua kwamba nilikuwa najibu sala yako badala ya Mungu.

Ulipoondoka sikugusa tena ile gemu, na watu walidhani ni kwa sababu nimekukosa. Mama siku ya mwisho alisema, Scola aliitwa, na mimi nimemshika mkono nikaitikia ndiyo. Mwaka huu nilirudi nikijidanganya kwamba imeshapoa. Nilikuandikia nikiwa na furaha. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Barua yako nimeiweka humu ndani. Sikuweza kuichoma. Ilikuwa kwenye kitabu cha fizikia cha kidato cha sita, ambacho nilijua hakuna wa nyumbani atakayekifungua. Ningeweza kunyamaza mpaka Agosti ipite, na nilikusudia hivyo, ndiyo maana ya ile barua yangu ya mistari minane. Lakini itasomwa mbele ya askofu, na utajifunga mpaka kaburini kwa neno ambalo ni uongo wangu. Afadhali unichukie ukiwa bado unaweza kuchagua.

Baba hajui. Milembe nimemwambia jana.

Kasmiri


Monasterini,
25 Julai 2025

Kasmiri,

Imefika. Nimeisoma mbele ya Mama Mkuu, kisha nikasoma ile nyingine, yangu.

Nimeomba nisiweke nadhiri Agosti. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Karatasi ya wito nimeirudisha kwangu nikaichana.

Nimepewa ruhusa nije Dutwa kwa baba, wiki sita, kuanzia katikati ya Agosti. Usije stendi kunipokea. Usije Dutwa. Ukiwa na la kusema, andika umpe Milembe.

Sina neno la kitawa la kukupa. Nina hasira ambayo sikujua kwamba ninaweza kuwa nayo, nalala nayo na naamka nayo, na wakati wa kuimba zaburi sauti haitoki. Siyo ndege tu. Miaka kumi na miwili nilikaa kwenye baridi hii nikimshukuru Mungu kwa jibu, kumbe nilikuwa nakushukuru wewe. Na mama ulimwacha aende nalo kaburini.

Mtu alichukua kalamu, Kasmiri. Mtu nisiyemjua alishika kalamu akaniandikia mimi, kwa mkono wake, kwamba hesabu zangu ni bora. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Unajua ningefanya nini na karatasi ile?

Scola


Bariadi,
14 Septemba 2025

Dada,

Upo kilomita ishirini na tano toka hapa, na naandika barua. Nimetii.

Milembe anasema umekonda, na kwamba unaongoza ng'ombe kwenda majini vizuri kuliko vijana. Anasema baba anakuita Mayu mchana kutwa kama zamani, utadhani wewe ndiye mama yake. Nafurahi kusikia. Hakuniambia kama umeniulizia na sikumuuliza.

Sitaomba tena msamaha kwenye karatasi. Naona nikiurudia unakuwa mzigo juu yako, kama vile ninakudai unijibu.

Nina jambo moja. Jumatano na Alhamisi nipo shuleni mpaka saa kumi jioni. Kompyuta ipo chumba cha mbele. Nimeiweka tayari, ndege ipo Mwanza, mwanzo wa uwanja, injini imezimwa. Siku hizi hatutumii kibodi; kuna usukani wa mkono, upo upande wa kulia, mwepesi, ukiuvuta kidogo tu inatii. Vitufe nimeviandika kwenye karatasi. Ukitaka njoo, usipotaka usije. Sitakuwepo na sitauliza.

Hiki ndicho nilichokunyima, au kipande chake kidogo. Sijui kitu kingine cha kukurudishia.

Kasmiri


Dutwa,
28 Septemba 2025

Kasmiri,

Nilikuja Alhamisi. Milembe alinipa chai, akasema anakwenda sokoni, akakaa sokoni saa tatu. Umeoa mwanamke mwenye akili.

Nilikaa na shela langu kichwani mbele ya mashine yako nikajiona kituko. Nikawasha. Nilipaa mara ya kwanza, na sikuanguka hata mara moja, nakuambia ili ujue. Karatasi yako ya vitufe sikuihitaji sana. Niliweka nyuzi mia moja na nane, nikafunika ramani kwa kitambaa, nikaangalia saa ya ukutani tu. Bariadi ilikuja dakika yake. Nikarudi Dutwa nikapita juu ya jiko la mama, nikalia huku nimeshika usukani, na ndege haikuyumba.

Ningekuwa rubani mzuri. Nililisema kwa sauti pale chumbani kwako. Ningekuwa rubani mzuri, na hilo hakuna wa kunirudishia, hata Mungu, maana si yeye aliyelichukua.

Nilitua kwenye barabara ya Lamadi, nikazima, nikakaa. Nilikuwa nasubiri ile tamaa ya kubaki nje ya utawa, na nakuambia kweli, nilitaka ije, ili nikuchukie vizuri na nipate sababu. Ilikuja, tena nyingi. Nina miaka thelathini na nne, si mzee, watu huanza. Nikaanza kupanga nitamwandikia nani, nitaanzia wapi. Halafu nikaona naangalia saa tena. Nikajiuliza naangalia nini, wakati safari imekwisha. Nilikuwa natafuta kengele ya sala ya jioni. Hakuna kengele Bariadi ya saa hiyo, lakini nilikuwa naingojea, na nilitaka kuwahi. Hakuna aliyeniambia nitake. Haikuja kwa posta.

Siku hiyo nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Baba anajua. Wiki ya kwanza nilimsomea ile barua, nikamtafsiria kwa Kisukuma. Akasema soma tena. Nikasoma. Akauliza, "Kwa hiyo, Mayu, ungeruka?" Nikasema ndiyo. Alikwenda kwenye ng'ombe wake akakaa huko mpaka jua likazama, na wiki zote hizi hakulitaja jina lako. Jana ndiyo amelitaja. Anasema uje umwambie kwa mdomo wako. Nilimwambia kwamba ameshasikia yote. Akasema ameyasikia kwangu. Uje kabla wiki haijaisha, mzee ana magoti mabovu na anakaa mlangoni toka asubuhi akiangalia barabara.

Mimi nasafiri keshokutwa, Jumanne. Nimeongea na Mama Mkuu kwa simu ya katekista. Nadhiri zitakuwa tarehe mbili Februari. Habari ya wito nimeiandika upya na ni fupi kuliko ya kwanza. Inasema kwamba kulikuwa na njia mbili, ndugu yangu akanificha moja, akanionyesha baada ya miaka kumi na miwili, na nilipoziona zote mbili nikachagua. Jina lako nimeliandika. Sikuona sababu ya kuandika uongo mwingine.

Msamaha sijafika. Nitakapofika nitakuambia, na sitasema nimefika ili wewe upate usingizi.

Njoo Februari. Benchi la kwanza, wewe na baba. Jina lako likisomwa usiangalie chini, niangalie mimi.

Dada yako,
Scola